Kipande cha Aliye Hai

Mtajie mtu wa Buruburu au Kayole neno mwanapatholojia, naye atakuuliza: nani amekufa? Usimlaumu. Neno hilo lilimfikia kupitia taarifa ya habari ya saa moja jioni. Miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Aprili 2023, Wakenya walizoea kumwona mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt Johansen Oduor, akisimama mbele ya maikrofoni kueleza nani alikufa kwa njaa na nani alinyongwa. Miili ilipita 400. Hata kabla ya Shakahola, kila kifo chenye utata nchini kilimleta mtaalamu huyo huyo, na maskani yake katika fikira za watu ikawa mochari. Wahariri wa Kiswahili, wakitafuta neno fupi la kujaza kichwa cha habari, walimbatiza mpasuaji wa maiti, na ripoti yake wakaiita ripoti ya upasuaji.

Sasa chukua mama wa Umoja aliyepapasa titi lake akakuta uvimbe. Anapanga foleni hospitali ya Mama Lucy Kibaki, au anapewa barua ya kwenda Kenyatta. Daktari anamwambia kwamba watatoa kidogo, kipelekwe patholojia. Mama anarudi nyumbani na hofu mbili: ya ugonjwa, na ya neno. Hakuna aliyemweleza kwamba katika hospitali ya chuo kikuu, wanapatholojia wengi hushinda kutwa wakisoma nyama ya watu waliokunywa chai asubuhi hiyo hiyo. Mgonjwa yuko nyumbani anaosha vyombo, na mtu ambaye hatawahi kumwona uso ameinamia kioo, anaamua kama titi litakatwa au litaachwa.

Kazi hiyo ina jina lake kwa Kiingereza, jina linaloiunganisha patholojia na chumba cha upasuaji. Ukilihamisha neno kwa neno unapata patholojia ya upasuaji. Linasikika vizuri, lina adabu ya istilahi, na linampotosha msikilizaji papo hapo. Katika Kiswahili cha magazeti yetu, upasuaji wa daktari wa kawaida na upasuaji wa maiti vimevishwa kanzu moja. Mwambie msomaji wa Nairobi kwamba fulani ni bingwa wa patholojia ya upasuaji, naye atamwona amevaa aproni ya mpira mbele ya meza ya mawe.

Mtaa wenyewe hauna tatizo hili. Katika Eastlands yote ya Nairobi niijuayo, kuanzia Kaloleni hadi Dandora, aliye hai hufanyiwa operesheni na aliyekufa hufanyiwa postimotamu. Hutasikia mtu wa Jericho akisema marehemu alifanyiwa operesheni, wala kwamba shangazi yake alifanyiwa postimotamu ya kidole tumbo. Maneno yote mawili ni ya kukopa, yameingia bila viza, na walimu huyakunjia uso. Lakini yanatenganisha uhai na mauti, jambo ambalo neno letu safi la upasuaji limeshindwa kulifanya. Nimekuja kuamini kwamba katika mambo ya tiba mtaa mara nyingi hutofautisha pale ambapo meza ya mhariri huchanganya. Si mara zote; nitafika kwenye steji.

Wagiriki, au tuseme Wafaransa waliojifanya Wagiriki, walilimaliza suala hili mapema. Mwaka 1879 daktari wa ngozi wa Paris, Ernest Besnier, alihitaji jina la tendo la kumkata mgonjwa kinofu kidogo ili kichunguzwe. Uchunguzi wa maiti ulikuwa na jina lake tayari. Akachukua neno la Kigiriki la uhai, akaliunga na lile la kutazama, likawa neno ambalo sisi tunalitamka biopsi. Kutazama kilicho hai: tofauti na mochari imo ndani ya jina lenyewe. Sisi tulilipokea neno likiwa limefungwa, hatukufungua kifurushi.

Hebu tukifuate hicho kinofu, maana njiani kinapita kwenye maneno mengi, na baadhi yake ni mazuri kuliko tunavyoyadhania.

Kwanza kinatumbukizwa katika fomalini. Hapa tena harufu ya mochari, kwani watu wa mtaani wameijua fomalini kama dawa ya kumweka marehemu hadi Jumamosi ya mazishi. Tunasema inahifadhi, na kitenzi hicho kina uvivu ndani yake. Kinachohifadhiwa kinaweza kungoja. Ilhali fomalini inafanya kazi: inazishika protini za nyama na kuzifunga pamoja, kazi inayochukua saa kadhaa, na inataka dawa nyingi kuliko nyama, kwa kawaida mara 10 ya ujazo wake. Kwa kipande cha titi, miongozo ya kimataifa inataka kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni vinavyoamua dawa ya mgonjwa vinaweza kudanganya. Katika nchi yetu ni kawaida jamaa wa mgonjwa kukabidhiwa kichupa akipeleke maabara mwenyewe. Kinapanda matatu, kinangoja foleni ya benki, kinalala juu ya kabati kwa sababu pesa za kipimo hazijatimia. Ningependa kitenzi kukaza: nyama inakazwa. Aliyeambiwa kwamba nyama inakazwa anajua kuna wakati wake, na kwamba ikichelewa kukazwa inaharibika.

Kinofu kikishakazwa, mwanapatholojia hukichambua. Kuchambua ni johari tuliyonayo bila kujua. Tunachambua mchicha, tunachambua pamba, tunachambua habari. Figo zima linapotoka chumba cha upasuaji, daktari hulipima, hulikata, hutenga sehemu za kutazamwa na huzipaka kingo zake wino. Wino huo ndio utakaosema baadaye, chini ya kioo, kama saratani imefika ukingoni au imebaki ndani. Ukingo safi, mgonjwa anapumua. Ukingo mchafu, huenda akarudi mezani. Sioni haja ya kukopa neno lolote hapa. Kuchambua, ukingo, wino: mwanafunzi wa darasa la nne anaelewa.

Kisha nyama inazamishwa katika nta ya moto, inaganda, inakatwa vijipande vya mikroni 4 hivi, na mikroni 1000 ndizo zinazofanya milimita moja. Vinapakwa rangi mbili. Ya zambarau inatokana na mti wa Amerika ya Kati uitwao kampeche, na ndiyo inayopaka kiini cha seli. Ya waridi inapaka kinachobaki. Nisamehe nikae kidogo kwenye kiini. Yai lina kiini, hadithi ina kiini, kesi ina kiini, na seli nayo. Daktari anayetafuta saratani hutazama kiini kwanza: kimekuwa kikubwa mno, kimekuwa cheusi, umbo limepotoka, kinagawanyika ovyo. Kwa Kiingereza neno la kiini cha seli si la jikoni. Kwetu ni la jikoni, na linafanya kazi ya maabara bila kubadilisha nguo. Seli yenyewe ndiyo yenye matata, maana Eastlands seli ni ya polisi, na nimemsikia kijana akicheka alipoambiwa baba yake ana seli mbaya. Wengine husema chembe hai, na mimi niko upande wao ninapozungumza na wagonjwa, ingawa ninapoandika nashindwa kuiacha seli.

Chombo cha kutazamia kina jina lenye fumbo. Darubini ni Kiajemi, na maana yake ni kionea mbali. Waliokiita darubini chombo cha kuonea vidudu walikuwa wakimwambia tabibu atazame mbali ilhali kitu kiko chini ya pua yake. Hadubini iliundwa kurekebisha hilo. Ni neno zuri, na shuleni Nairobi karibu halitumiki, kwa kuwa sayansi tuliifundishwa kwa Kiingereza.

Matokeo yakitoka, mtaa unayaita majibu. Majibu yametoka, majibu bado, majibu ni mabaya. Neno hili linanifurahisha kwa sababu linadai swali. Malalamiko ya wanapatholojia duniani kote ni kwamba wanaletewa vipande pamoja na fomu isiyojazwa: hakuna umri, hakuna historia, hakuna mahali nyama ilipotoka. Wanatakiwa kujibu wasichoulizwa. Kama madaktari wa wodini wangeifikiria fomu ile kama swali, pengine wangeijaza.

Na sasa steji. Hapa mtaa umetuangusha. Mtu wa Eastlands akisema kansa iko steji foo, kichwani ana ramani ya matatu. Steji ni mahali pa kupandia na kushukia. Steji ya mwisho ni pale ambapo kondakta anapiga bati na wote wanashuka. Steji 4 ikawa ni neno la hukumu. Katika tiba namba hiyo inaeleza umbali: saratani imebaki ilipoanzia, imefika kwenye mitoki ya karibu, au imevuka kwenda viungo vya mbali. Kiswahili kina hatua, na hatua ni bora, maana hupigwa na mtu, na mbele yake bado kuna njia. Kibaya zaidi, steji imemeza dhana nyingine iliyo tofauti kabisa, nayo ni daraja. Hatua inapima saratani imekwenda wapi; daraja inapima tabia yake, yaani jinsi chembe zake zilivyoacha kufanana na nyama zilikotoka. Donald Gleason wa Minneapolis aliweka mfano wake mwaka 1966 kwa saratani ya tezi dume. Mwanapatholojia hutazama mitindo miwili ya ukuaji inayoonekana zaidi, huipa kila mmoja namba, na huzijumlisha. 3 na 4 ni 7. 4 na 3 pia ni 7, lakini mzee mwenye 7 hii ya pili ana ugonjwa mkali zaidi, kwa kuwa namba inayotangulia ndiyo ya mtindo uliotawala. Wazee wengi hubeba 7 kwenye bahasha wakidhani ni steji ya saba.

Tezi dume nalo limenikumbusha ugomvi mwingine. Tanzania neno hilo limetulia. Kenya wapo wanaoandika tezi kibofu, na hapo msomaji anabaki na kibofu, ambacho ni mfuko wa mkojo na kina saratani yake tofauti. Kansa ya koo ni mbaya zaidi. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua sana nchini Kenya, na mtaani inaitwa ya koo, jina linalofunika pia kikoromeo na kila kilicho kati ya ulimi na kifua. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wanajua viungo. Nenda Burma, soko la nyama la Barabara ya Jogoo, usikilize wateja wanavyotaja ini, figo, mapafu, matumbo, moyo. Bandama wanaitambua kwa macho. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba viungo vya kwenye ndoano na vya kwenye ripoti ni vile vile.

Nimezunguka, na bado sijamfikia daktari mwenyewe anayejifunza haya. Kenya njia yake ni ndefu: miaka 6 ya shahada ya kwanza, mwaka wa kazi chini ya usimamizi, kisha miaka 4 ya uzamili, katika Chuo Kikuu cha Nairobi ambacho kitivo chake cha tiba kilianza 1967 na kufundishia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, au katika Chuo Kikuu cha Aga Khan kule Parklands. Akitoka hapo ni mwanapatholojia kamili. Lakini katika hospitali kubwa za vyuo Marekani na Kanada kuna mwaka mmoja zaidi, wa yule anayetaka kuzama katika vipande peke yake. Mwaka huo anachambua viungo vigumu, anasoma kesi zilizowashinda wengine, anakaa kwenye vikao vya saratani pamoja na wapasuaji, na anajifunza kuitwa katikati ya operesheni. Kazi hiyo ya mwisho ilipata njia yake maarufu mwaka 1905 kule Rochester, Minnesota, William Mayo alipomtaka Louis Wilson abuni namna ya kujua aina ya uvimbe mgonjwa akiwa bado mezani. Nyama inagandishwa badala ya kukazwa, siku hizi kwenye kasha la baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sufuri, inakatwa, inapakwa rangi, na jibu linarudi katika dakika 20 au pungufu. Mpasuaji amesimama, mikono hewani, anangoja.

Mwaka huo mmoja wa ziada wanauita kwa neno ambalo sisi tumelitohoa kuwa feloshipu, na hapo Eastlands inacheka tena. Feloshipu ni Jumatano jioni, sebuleni kwa Mama fulani, gitaa, chai na maombi. Binti akiwaambia majirani wa Donholm kwamba amepata feloshipu Toronto, watamwombea safari njema ya kiroho. Hata madaktari wenyewe hawaafikiani. Kwa desturi ya Uingereza, ambayo vyuo vyetu vya kanda vimeirithi, felo ni cheo anachopewa aliyefaulu mtihani wa chuo chake. Ndivyo ilivyo katika chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, na ndivyo ilivyo kwa wenzao wa patholojia. Kwa Mmarekani, felo ni mwanafunzi wa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Neno moja, mmoja amefika, mwingine bado yumo njiani.

Watanzania wametatua hili na sisi tumekaa kimya. Wizara yao ya afya inazungumzia huduma za kibingwa, na juu yake ubingwa bobezi. Anayesomea tawi la ndani la tawi lake anasomea ubingwa bobezi. Najua pingamizi la Nairobi: bingwa ni wa City Stadium, Gor Mahia akishinda ligi, daktari bingwa wa nini, ameshinda nani? Nalielewa, na silikubali. Masikio yatazoea. Yalizoea mwanapatholojia.

Inabaki jina la kazi yenyewe. Patholojia ya tishu ndiyo wengi wangeandika, lakini tishu Nairobi inauzwa dukani kwa roli. Patholojia ya kinyama ingekuwa sahihi kisarufi, ila kinyama ni neno la ukurasa wa uhalifu: aliuawa kinyama. Mtaa una njia yake ya kukwepa, unasema kanyama. Walinikata kanyama kwa titi, wakapeleka lab. Kiambishi hicho ka, ambacho walimu wa sarufi hukitia wino mwekundu, kimeokoa neno kutoka kwa wauaji. Kwa mazungumzo ya benchi ya zahanati sina neno lililo bora.

Kwa maandishi nachagua kipande. Najua Eastlands ina kumbukumbu nalo. Kipande ndicho cheti ambacho serikali ya kikoloni, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kukibeba, shingoni ndani ya kikebe cha bati, na bila hicho hukupita barabara ya Pumwani kwa amani. Hadi leo wazee huita kitambulisho kipande. Ubaya huo haunitishi. Kipande cha maabara nacho kina jina, namba na chombo chake, na kikipotea mwenyewe anapata taabu.

Na vipande vimeshaandika historia kubwa katika kanda hii. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Ni wasomaji wa vipande, akiwemo Greg O'Conor pale pale Kampala, waliotambua kuwa ni saratani ya mfumo wa limfu. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kilomita 16,000 hivi kuchora ramani ya ugonjwa huo, na vitabu vya tiba vya Kiingereza vinaiita hadi leo safari, kwa Kiswahili chetu. Desemba 1963 kipande kimoja kilipanda ndege kutoka Uganda kwenda London, ukungu ukaipeleka ndege Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa na mawingu. Walidhani kimeoza. Ilikuwa ni chembe zilizojitenga, zikiogelea zikiwa hai, na kutokana nazo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliripoti mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mtoto aliyetolewa kipande hicho alikuwa hai. Hakuna maiti iliyopasuliwa.

Basi wahariri wa Kiswahili wa Nairobi, ombi langu ni dogo: anayechunguza kifo mwiteni mchunguzi wa maiti, na anayesoma nyama ya aliye hai mwiteni bingwa wa patholojia ya vipande. Nawe msomaji, ukitolewa kipande, uliza kimewekwa katika fomalini saa ngapi, dai majibu yaliyoandikwa, na nakala uiweke pamoja na kitambulisho chako.